BWANA AKELEY NA MSITU WA MAWINGU

Carl Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, huko Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Tangu utoto Carl alipenda kutazama ndege na nyama wa pori. Alipokuwa kijana alijifunza kutengeneza ngozi za nyama waliokufa, hata wakaonekana kama wangali hai. Nyama hao waliwekwa katika nyumba za makumbusho, watu wa miji wapate kuwatazama.

Kwa kazi hiyo alikuja Afrika mara tano. Mwaka 1896 chui alimrukia, naye akamwua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimponda karibu afe. Lakini hakuacha kuwinda.

Mwaka 1921 alifika Kivu, akapanda Mlima Mikeno kutafuta gorila. Mlima huo una urefu wa metre 4,437. Upepo wenye unyevu unapoupanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu. Mawingu hupita kati ya miti siku nyingi za mwaka. Matawi yamevikwa mimea laini inayoning’inia kama ndevu za mzee. Mimea hiyo hushika matone ya mawingu, matone huanguka, na udongo huyanywa polepole. Ndiyo sababu msitu ule huwa mbichi hata mvua isiponyesha. Humo gorila hula machipukizi ya mianzi na majani.

Akeley na wenzake waliua gorila watano. Lakini alipotazama nyuso zao, dhamiri yake ilimchoma. Aliona kwamba nyama hao si wakali kama watu walivyosema: waliishi kwa amani, baba, mama na watoto pamoja. Tena walikuwa wachache. Wawindaji wakizidi kuja, wangekwisha wote.

Basi mwindaji akawa mtetezi. Alimwomba Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme alitoa amri ya kuweka bustani ya taifa, ambayo leo huitwa Virunga.

Mwaka 1926 Akeley alirudi pamoja na mke wake, Mary, ili kuwachunguza gorila. Njiani aliugua, lakini hakukubali kurudi nyuma. Tarehe 17 Novemba alikufa katika baridi ya mlima, akazikwa pale pale Kabara. Mke wake alibaki kuimaliza kazi.

Leo gorila wa milimani ni zaidi ya 1,000. Walinzi wengi wa Virunga wamekufa wakiwatetea.

Mungu ametukabidhi viumbe vyake tuvitunze. Aliyekosa na akageuka anaweza kutenda mema makubwa.

MAULIZO
1. Mawingu ya mlimani hutoka wapi?
2. Kwa nini Akeley aliacha kuwaua gorila?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayetunza msitu na chemchemi?