Muller na Nzi Wake
Hermann Muller alizaliwa New York mwaka 1890. Kule Chuo Kikuu cha Texas, 1926, aliwapiga nzi wa matunda eksirei, na vizazi vilivyofuata vikajaa mabadiliko ya jeni. Kumbe jeni inaguswa! Mwaka 1933 jamaa akahamia Urusi kwa mwaliko wa Vavilov. Lysenko alipoanza kuipinga elimu ya jeni, Muller alibishana naye hadharani, na 1937 ikabidi aondoke. Si mchezo: Vavilov alifia gerezani 1943. Wakati huohuo Marekani walikuwa wanapiga eksirei ukungu wa penisilini, wakapata aina inayotoa dawa nyingi zaidi. Nobel ilimfikia Muller 1946. Hadi anafariki 1967, alikuwa bado anawasumbua madaktari wapunguze eksirei kwa wagonjwa.