Helen Taussig: Daktari kiziwi aliyesikiliza mioyo ya watoto kwa viganja

KABLA ya mwaka 1944, mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo iliyofanya midomo na kucha zake kuwa za rangi ya buluu hakuwa na tiba. Wazazi walirudishwa nyumbani kusubiri, na wengi walisubiri mazishi.

Aliyesaidia kubadilisha hali hiyo ni mwanamke aliyefungiwa milango ya elimu, na ambaye masikio yake yalimsaliti mapema.

Dkt Helen Brooke Taussig alizaliwa Mei 24, 1898, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Babake, Frank Taussig, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mamake alifariki kutokana na kifua kikuu Helen akiwa na umri wa miaka 11.

Shuleni, herufi zilimchanganya na kusoma kukawa mzigo. Babake ndiye aliyeketi naye kwa subira hadi akamudu.

Alipotamani udaktari, alipata kwamba kitivo cha tiba cha Harvard hakikuwasajili wanawake. Kingefanya hivyo mwaka 1945. Alisomea Boston kwa muda, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alikofuzu mwaka 1927.

Mwaka 1930 alikabidhiwa kliniki ya moyo ya watoto chuoni humo. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na madhara ya homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoanza kwa maumivu ya koo na ambayo, yasipotibiwa, huharibu vali za moyo.

Kufikia wakati huo uwezo wake wa kusikia ulikuwa ukididimia, ilhali kazi ya daktari wa moyo hutegemea masikio. Taussig alijifunza kusoma midomo ya wanaozungumza, na kuweka viganja juu ya kifua cha mtoto ili ahisi mapigo ambayo wenzake waliyasikia.

Kwa kugusa na kwa kutazama picha za eksirei, aligundua kiini cha tatizo la watoto wa buluu. Njia ya kupeleka damu mapafuni ilikuwa imebana, hivyo damu ilizunguka mwilini bila hewa ya kutosha.

Aliona pia kwamba watoto hao walizidiwa mara tu mshipa mdogo ambao kila kijusi huwa nao ulipojifunga baada ya kuzaliwa. Mwaka 1938 daktari Robert Gross wa Boston alikuwa amefaulu kuufunga mshipa huo kwa watoto ambao kwao ulibaki wazi. Taussig akawaza kinyume chake: ikiwa unaweza kufungwa, mbona mwingine usiundwe? Gross hakuvutiwa na wazo hilo.

Aliyelikubali ni Dkt Alfred Blalock, aliyehamia Johns Hopkins mwaka 1941 pamoja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas. Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa seremala, alikuwa amepoteza akiba yake ya karo benki zilipoanguka. Ndiye aliyefanya majaribio kwa mbwa hadi mbinu ikapatikana.

Mnamo Novemba 29, 1944, Blalock alimpasua msichana wa miezi 15, huku Thomas akisimama nyuma yake na kumwelekeza. Mshipa unaopeleka damu mkononi uliunganishwa na ule wa mapafu. Mtoto huyo alipata nafuu, lakini akafariki miezi kadhaa baadaye. Wa tatu kupasuliwa alibadilika rangi papo hapo, kutoka buluu hadi waridi.

Ripoti ya mwaka 1945 ilibeba majina ya Blalock na Taussig pekee. Thomas, ambaye mwanzoni alilipwa mshahara wa mfagiaji, alitunukiwa shahada ya heshima na chuo hicho mwaka 1976. Leo madaktari wengi huongeza jina lake kwenye upasuaji huo.

Mwaka 1962 Taussig alizuru Ujerumani kuchunguza watoto waliozaliwa na viungo vilivyolemaa baada ya mama zao kumeza dawa ya thalidomidi, na ushahidi wake ulichangia kukazwa kwa sheria za dawa Marekani. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Shirika la Moyo la Marekani. Alifariki katika ajali ya gari Mei 20, 1986, siku nne kabla ya kutimiza miaka 88.

Hata hivyo, kazi yake haijafikia kila mtoto. Takriban mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na walio wengi katika nchi maskini hawapati upasuaji. Homa ya baridi yabisi, ambayo imekaribia kusahaulika katika nchi tajiri, ingali inaharibu mioyo ya watoto barani Afrika, ingawa penisilini huizuia. Ni mwaka 2018 tu ambapo mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliitaka kila serikali ikabiliane nayo.

Hapa Kenya, maelfu ya watu wameshiriki mbio za Hospitali ya Mater, Nairobi, kuchangia upasuaji wa watoto ambao wazazi wao hawawezi kuugharimia. Tiba ipo tangu 1944. Kinachosalia ni mtoto kuifikia kabla hajachelewa.