Ernest Jones, Wakili wa Wafanyakazi

Wako watu waliotandikiwa zulia tangu kuzaliwa, nao wakapenda kukanyaga udongo. Ndugu wasomaji, leo twamkumbuka mmoja wao, Mwingereza Ernest Jones. Alizaliwa Berlin mwaka 1819. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi katika utumishi wa Duke wa Cumberland, mwana wa mfalme wa Uingereza, na Duke huyo ndiye aliyemsimamia mtoto katika ubatizo. Mwaka 1844 Jones akawa wakili huko London.

Miaka miwili baadaye alijiunga na Wachartisti, wafanyakazi waliodai kura kwa kila mwanamume mzima, kura hiyo ipigwe kwa siri, na wabunge walipwe mshahara ili maskini naye apate kuingia Bungeni. Wakati huo kura ilikuwa ya wenye mali. Huko Halifax mwaka 1847 umati ulimwinulia Jones mikono. Lakini walipopiga kura wale walioruhusiwa na sheria, alipata 280 tu, akawa wa mwisho.

Juni 1848 alikamatwa kwa hotuba aliyoitoa London, akafungwa miaka 2. Gerezani wafungwa walikatazwa hata kusemezana. Alipoamriwa kuchambua kamba kuukuu za meli alikataa, akatiwa peke yake kwa mkate na maji. Wenzake wawili, Williams na Sharp, walikufa humo kwa kipindupindu mwaka 1849. Yeye alitoka mzima mwaka 1850, na mwaka 1852 akaanzisha gazeti la wafanyakazi ambalo Karl Marx aliliandikia. Lilikoma mwaka 1858 kwa ukosefu wa fedha, na Jones akatafuta urafiki na watu wa tabaka la kati. Marx alikasirika. Sisi hatumlaumu sana, maana chama kilikwisha pukutika.

Mwaka 1867, Manchester, aliwatetea Waayalandi walioshtakiwa kwa kuuawa kwa polisi. Hakimu alipokataa kuwafungua pingu washtakiwa, Jones aliondoka mahakamani. Jambo hili latutatiza: aliilinda heshima ya sheria, bali wateja wake walibaki kizimbani, na watatu wakanyongwa Novemba.

Mwaka 1868, mafundi wengi wa mijini walipokuwa wamepata kura, Jones alisimama Manchester akapata zaidi ya 10,000. Akashindwa tena. Alifariki tarehe 26 Januari, 1869, siku moja baada ya kutimiza miaka 50. Kura ya siri ikawa sheria mwaka 1872. Mshahara wa wabunge, mwaka 1911.