Askofu Frank Weston wa Zanzibar

Hapa Kaloleni tunalala bweni moja Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, na kila Jumapili jioni swali ni lile lile: ikiwa Kristo ni Mungu, aliumiaje msalabani? Yupo mtu wa Zanzibar aliyelishughulikia sana swali hili, na mambo ya imani yakamgombanisha na maaskofu wenzake.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma elimu ya dini Oxford. Alifika Unguja 1898, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani 1901, na Askofu 1908. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya Kristo. Alieleza kwamba Mwana, mmoja wa Nafsi Tatu, hakuuvua Uungu wake. Alijizuia mwenyewe, akajua na kuteseka kwa kadiri ya mwanadamu. Mimi naona ni kama baba amshikaye mkono mtoto mdogo: huenda kwa hatua za mtoto, na nguvu zake anazo.

Hata Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Weston aliwashitaki Maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kwake Misa ilikuwa sadaka ya Msalaba ikitolewa mbele za Mungu, wala haikuwa halali pasipo uaskofu. Wengi wa wale waliona ni ushirika na ukumbusho wa sadaka iliyokwisha kutolewa mara moja. Askofu Mkuu wa Canterbury hakuwapeleka hukumuni, ila mwaka 1915 alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Nadhani Weston alikuwa mkali kupita kiasi.

Walakini 1916, wakati wa vita, mtu huyo huyo aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar, akatembea nao bara kwa miguu. Tena 1919 serikali ya nchi iitwayo sasa Kenya ilipoagiza Waafrika wahimizwe kwenda mashamba ya walowezi, Askofu wa Uganda, yule yule wa Kikuyu, pamoja na wenziwe walikubali kazi ya lazima kwa masharti. Weston alikataa katakata, akaandika kijitabu cha kuwalaumu Waingereza wenzake. Na 1923, mbele ya mkutano mkubwa London, aliwaambia kuwa ni bure kumwabudu Kristo altareni na kumpita akiwa na njaa mitaani.

Alifariki Hegongo, penye misheni ya Magila wilayani Muheza, tarehe 2 Novemba 1924, akazikwa huko huko.