Alfred Deakin: Ulimi uliojenga taifa na ukuta wake

Kila mwalimu wa lugha anaijua imla. Husimama mbele ya darasa, akasoma kifungu polepole, nao wanafunzi wakaandika wanayoyasikia. Ni zoezi la kawaida, nami nimelitumia mara nyingi. Hata hivyo, nilipokuwa nikifundisha juu ya upimaji wa lugha, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kuna nchi iliyowahi kuitumia imla kuwafungia watu mlango. Nilimjibu kwamba ipo, na kwamba miongoni mwa walioitetea sheria hiyo bungeni alikuwamo mtu aliyetumia ulimi wake kuiunganisha nchi hiyo hiyo. Kipindi kikaisha kabla sijamaliza. Basi naomba niwasimulie wanafunzi wangu, pamoja nanyi walimu wenzangu, maisha ya Alfred Deakin wa Australia.

Deakin alizaliwa mjini Melbourne tarehe 3 Agosti, 1856, miaka michache tu baada ya dhahabu kugunduliwa katika koloni la Victoria. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Melbourne, huku akifundisha ili apate riziki. Alipokuwa wakili, wateja walikuwa haba, na kalamu ndiyo iliyomwokoa. Mwaka wa 1878 David Syme, mwenye gazeti la The Age, alimpa kazi ya uandishi, na kwa mlango huo akaingia katika siasa.

Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alichaguliwa kuwa mbunge wa Victoria. Ushindi wake ulikuwa mwembamba, na ilibainika kwamba katika kituo kimoja karatasi za kura zilikwisha kabla ya wapiga kura wote kuhudumiwa. Deakin alisimama bungeni, akatoa hotuba yake ya kwanza, na katika hotuba hiyo hiyo akatangaza kujiuzulu. Hakutaka kukalia kiti chenye shaka. Aliporudi kwa wapiga kura alishindwa, na hakukipata tena kiti hadi 1880. Wanafunzi wangu waliposikia hayo walicheka kwa mshangao, nami sikuhitaji kuwauliza sababu.

Akiwa waziri, alisafiri hadi Marekani kati ya 1884 na 1885 kuchunguza jinsi mashamba makavu yanavyonyweshwa kwa mifereji. Sheria ya umwagiliaji ya Victoria ya mwaka wa 1886 ilitokana na safari hiyo, na mji wa Mildura ulistawi kutokana na kazi hiyo.

Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Australia. Palikuwa na makoloni sita ya Waingereza: New South Wales, Victoria, Queensland, Australia Kusini, Tasmania na Australia Magharibi. Kila koloni lilikuwa na gavana wake, bunge lake na ushuru wake wa forodha. Mfanyabiashara aliyevuka mto Murray na bidhaa zake alikutana na watoza ushuru kana kwamba anaingia ugenini. Hata reli hazikupatana. Njia ya New South Wales ilikuwa na upana wa milimita 1,435, ya Victoria milimita 1,600, na ya Queensland milimita 1,067. Msafiri kutoka Sydney kwenda Melbourne alilazimika kushuka mpakani Albury na kuhamia garimoshi jingine, ingawa watu wa pande zote mbili walisema lugha moja na kumtii malkia mmoja.

Kilichowasogeza pamoja ni hofu na faida. Ujerumani ilitwaa sehemu ya kaskazini-mashariki ya Guinea Mpya mwaka wa 1884, na Ufaransa ilikuwa ikivinyemelea visiwa vya Pasifiki. Wafanyabiashara nao walichoshwa na ushuru wa mipakani. Mwito wa Henry Parkes, kiongozi wa New South Wales, ulileta mkutano wa Melbourne mwaka wa 1890 na ule wa Sydney mwaka wa 1891, ambao ulitoa rasimu ya katiba. Deakin alihudhuria yote miwili.

Kisha mambo yakakwama. Mabenki yaliporomoka mwaka wa 1893, na Deakin mwenyewe alipoteza akiba yake pamoja na ya baba yake iliyokuwa mikononi mwake. Alirudi kwenye uwakili ili kulipa na kulea wanawe watatu wa kike. Lakini katika mwaka huo huo, kwenye mji mdogo wa Corowa kando ya mto Murray, vyama vya raia vilitoa wazo lililoikwamua safari. Walitaka wajumbe wa kuandika katiba wachaguliwe na wananchi, na katiba yenyewe ipigiwe kura ya maoni.

Mkutano wa pili, wa 1897 na 1898, ulikabiliwa na swali ambalo kila shirikisho hukumbana nalo: mdogo atalindwaje asimezwe na mkubwa? Jibu lilikuwa mabaraza mawili. Katika moja viti viligawanywa kwa idadi ya watu. Katika la pili, yaani Seneti, kila jimbo lilipewa viti sita sawasawa, liwe kubwa au dogo. Deakin hakuwa mwandishi mkuu wa vifungu hivyo. Kazi yake ilikuwa kupatanisha, kuzunguka kutoka kundi hadi kundi akiwashawishi waliokasirika wasiondoke.

Tarehe 15 Machi, 1898, alihutubia karamu ya chama cha vijana mjini Bendigo. Gazeti la The Age lilikuwa likisitasita, na wanasiasa wengi walikuwa wakilisubiri lielekee wapi. Deakin aliwaomba wasikilizaji wake waikubali katiba pamoja na kasoro zake, kwani nafasi ikipita huenda isirudi. Hotuba hiyo iliwasha moto. Miezi michache baadaye Victoria ilipiga kura 100,520 za ndiyo dhidi ya 22,099. New South Wales haikufikia kiwango cha kura 80,000 kilichowekwa, hivyo ikabidi upigaji kura urudiwe mwaka wa 1899, na safari hii ikafaulu. Australia Magharibi ilijiunga mwisho, mwaka wa 1900.

Mwaka huo Deakin alikwenda London pamoja na Edmund Barton na Charles Kingston kuitetea katiba mbele ya waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain. Walipofikia mwafaka na kuachwa peke yao chumbani, wazee hao watatu walishikana mikono wakacheza duara kama watoto. Tarehe 1 Januari, 1901, shirikisho lilizinduliwa mjini Sydney. Deakin akawa Mwanasheria Mkuu wake wa kwanza, akaipigania Mahakama Kuu hadi ikaundwa mwaka wa 1903, kisha akawa Waziri Mkuu mara tatu kati ya 1903 na 1910. Muda huo wote alikuwa akiliandikia kwa siri gazeti moja la London habari za siasa za Australia, na wasomaji hawakujua kwamba anayemsifu na kumkosoa Deakin ni Deakin mwenyewe.

Hapa ndipo ninapofika kwenye imla. Chama kilichomwalika Bendigo kilijiita chama cha wenyeji wa Australia, lakini wenyeji waliokusudiwa walikuwa Wazungu waliozaliwa huko. Neno lilikuwa limenyang'anywa wenyewe. Katiba nayo, katika kifungu cha 127, iliagiza kwamba wenyeji wa asili wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Kifungu hicho hakikufutwa hadi kura ya maoni ya 1967.

Katika mwaka wa kwanza wa shirikisho, bunge lilipitisha sheria ya kuzuia wahamiaji wasio Wazungu. London haikutaka rangi itajwe waziwazi, basi ikatumiwa hila iliyokwisha jaribiwa hapa hapa Afrika, katika koloni la Natal, mwaka wa 1897: kipimo cha lugha. Afisa aliweza kumtaka mgeni aandike imla ya maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya. Si lazima iwe lugha anayoijua mgeni. Deakin aliitetea sera hiyo, na hoja yake inatisha kwa unyofu wake: Wajapani wazuiwe kwa sababu ya sifa zao njema, bidii na uvumilivu wao. Mwaka wa 1905, akiwa Waziri Mkuu, maneno ya sheria yalirekebishwa ili yasiwaudhi Wajapani. Mlango ulibaki umefungwa.

Mwaka wa 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyepinga utawala wa Hitler na aliyejua lugha nyingi, alipewa imla kwa Kigaeli cha Uskoti. Mahakama Kuu, ile ile aliyoipigania Deakin, iliamua kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria hiyo. Sisi wanaisimu tunaweza kuucheka uamuzi huo. Waliorudishwa baharini hawakucheka. Mtihani ulifutwa mwaka wa 1958.

Sisemi haya kama mtu aliye nje. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na jioni aliyekutwa nacho alichapwa. Nilikivaa. Baadaye, nikiwa kiranja, niliwavisha wenzangu, na nakumbuka kwamba nilijiona mwema.

Mwisho wa Deakin ulikuwa wa huzuni. Kumbukumbu zake zilianza kumtoka, akauacha uongozi mwaka wa 1913. Aliandika katika madaftari yake jinsi anavyolisahau jioni aliloliwaza asubuhi. Maneno, yaliyokuwa mali yake yote, yalimwacha moja moja. Alifariki tarehe 7 Oktoba, 1919, akiwa na umri wa miaka 63.

Viongozi wetu watatu walitangaza nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki Juni 1963, na Jumuiya ikavunjika 1977 kabla ya kufufuliwa. Tunapolizungumza shirikisho darasani, tumsome Deakin: subira yake, upatanishi wake, na kiti alichokiacha kwa hiari. Lakini tuisome na imla yake. Mwanafunzi wangu aliuliza juu ya mlango. Nami, kila ninapotunga mtihani wa lugha sasa, najiuliza ninampima nani, na ni nani nimekwisha kuamua asiingie.