Mwalimu Aggrey: Miaka 22 Ugenini



Wanaopita Mtaa wa Aggrey kule Kariakoo, Dar es Salaam, ni maelfu kila siku, na nadhani wengi wao hawajui jina hilo ni la nani. Sisi tuliosomea ualimu tulimfahamu kwa hadithi ya tai aliyelelewa na kuku, ambayo yeye alipenda kuisimulia. Lakini habari za maisha yake tuliambiwa kwa ufupi mno: alikuwa Mwafrika msomi, alikwenda Marekani, akarudi. Kati ya kwenda na kurudi kuna mambo mengi, nami nayaandika kwa ajili ya vijana wetu ambao tayari wana pasipoti mkononi, na kwa wazazi wao pia.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 ni Ghana. Alikuwa Mfante. Baba yake alikuwa msemaji katika baraza la mfalme wa mji, cheo cha heshima sana kwao, kwa maana msemaji ndiye anayeyapamba maneno ya mfalme mbele ya watu. Ukitaka kujua mwana alikopata ulimi wake, anzia hapo. Alibatizwa mwaka 1883 na kusoma shule ya Wamethodisti huko Cape Coast. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alikuwa tayari anafundisha watoto kijijini. Mwaka 1896 alifanya kazi ya ukalimani katika jeshi la Waingereza lililokwenda Kumasi. Kisha akarudi shuleni, akapanda hata akawa mwalimu mkuu, na wakati huohuo alisaidia kazi za chama cha kutetea haki za wenyeji, kilichopinga mpango wa serikali wa kuchukua mamlaka juu ya ardhi yao.

Basi tazameni: huyu hakuwa kijana asiye na kazi. Alikuwa na cheo, na mshahara, na jina katika mji wake. Hata hivyo mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 22, alipanda meli akaenda zake. Askofu John Bryan Small wa kanisa la African Methodist Episcopal Zion, kanisa la watu weusi wa Marekani, alikuwa akitafuta vijana wa Gold Coast wa kusomeshwa ng'ambo ili warudi kuhudumu kwao. Aggrey alipelekwa Livingstone College katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kimepewa jina la Daudi Livingstone, yuleyule ambaye wazee wetu wa Ujiji na Unguja walimwona kwa macho yao.

Hapa nataka tusimame kidogo. Vijana wengi hudhani kwamba ukishavuka bahari taabu zimebaki nyuma. Novemba mwaka uleule wa 1898, katika mji wa Wilmington wa jimbo lilelile la North Carolina, Wazungu wenye bunduki waliipindua halmashauri ya mji iliyochaguliwa kwa kura, wakaua watu weusi na kuwafukuza wengine. Mwaka 1900 jimbo lilibadilisha katiba yake. Mpiga kura sasa alitakiwa kufaulu mtihani wa kusoma na kulipa kodi ya kichwa, na kwa njia hiyo watu weusi wengi mno walinyang'anywa kura zao. Katika treni walitengewa mabehewa yao. Hiyo ndiyo nchi ambayo mwalimu mkuu wa Cape Coast aliifikia ili aanze upya, akikaa darasani kama mwanafunzi.

Alihitimu mwaka 1902 kwa heshima ya juu. Mpango ulikuwa arudi. Hakurudi. Chuo kilimwajiri, akafundisha, akashika pia kazi za ofisi. Mwaka 1905 alimwoa Bi Rosebud Douglass wa Portsmouth, Virginia, na wakajaliwa watoto. Nasikia wazee wakinong'ona kwamba huyu alipotea, kama wanavyonong'ona juu ya watoto wa majirani zetu. Mimi siwezi kumhukumu kwa jambo hilo. Chuo kilikuwa maskini na kilimtegemea, na mtu mwenye mke na watoto hafungi mzigo kama mseja.

Tangu mwaka 1914 aliongeza kazi nyingine juu ya ualimu: uchungaji wa makanisa mawili madogo ya shamba, nje ya Salisbury. Waumini wake walikuwa wakulima, wengi wao wenye madeni. Aggrey hakuishia mimbarani. Aliwafundisha kilimo bora na kuwahimiza waweke akiba pamoja ili waepukane na wakopeshaji. Kwangu mimi sehemu hii ya maisha yake ina uzito kuliko hotuba zake zote, ingawa ndiyo inayosimuliwa kidogo. Na wakati wa likizo, mtu mzima wa miaka karibu 40, alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mlango wa kurudi ulifunguliwa mwaka 1920. Shirika la Phelps-Stokes la Marekani liliunda tume ya kuchunguza elimu katika Afrika, na Aggrey alikuwa Mwafrika pekee ndani yake. Ndipo alipoiona tena Gold Coast, baada ya miaka 22. Tume ilifika hata Afrika Kusini, na huko aliyehutubia kumbi zilizojaa alikumbana na ubaguzi kama mwenyeji yeyote. Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mmoja wa wajumbe alikuwa Dkt. Garfield Williams wa CMS, na katibu alikuwa James Dougall, ambaye mwaka uliofuata aliongoza shule mpya ya Jeanes huko Kabete, ya kuwaandaa walimu wa kusaidia shule za vijijini. Walimu wa kizazi kilichotutangulia waliionja kazi ya tume hiyo.

Si kila mtu aliisifu. Wasomi weusi wa Marekani, Du Bois akiwa mbele, walisema kwamba elimu ya jembe na useremala iliyohimizwa na shirika hilo ingewaweka Waafrika chini daima. Wengine walimwona Aggrey mpole mno mbele ya Wazungu. Nami naona walikuwa na hoja. Lakini mtu apimwe pia kwa alichokijenga mwenyewe.

Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa akianzisha chuo kikubwa Achimota, karibu na Accra, na mkuu wake, Mchungaji Alexander Fraser, alimtaka Aggrey awe msaidizi wake. Wapo Wazungu walioona vigumu kumkubali Mwafrika katika cheo hicho, na wapo wenyeji waliomshuku kuwa ametumwa na Wazungu. Alistahimili pande zote mbili. Alishikilia kwamba wasichana wasome pamoja na wavulana, na ikawa hivyo. Nembo ya Achimota ni vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi, kwa sababu ya mfano aliopenda kuutoa: wimbo kamili wahitaji vyote viwili.

Achimota ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alikwenda likizo Marekani, akikusudia kumaliza kitabu cha shahada yake ya udaktari pale Columbia. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akafariki New York tarehe 30 Julai 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Shahada hakuipata. Alizikwa Salisbury, si Anomabu.

Mwaka huohuo kijana Mbiyu Koinange aliondoka Kenya kwenda kusoma Marekani. Nnamdi Azikiwe, aliyemsikia Aggrey akihubiri Lagos, alikuwa huko tayari. Kwame Nkrumah, mwanafunzi wa Achimota aliyeumizwa sana na kifo chake, alifuata mwaka 1935. Wote watatu walirudi kwao.

Mwana wa mwisho wa Aggrey, Rudolph, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache tu baba alipofariki. Alikulia Salisbury, na mwaka 1973 akapelekwa Senegal, akiwa balozi wa Marekani.