Nusu ya Fleming Tunayoisahau

Katika baridi ya Dundori kifua cha mtoto hakikawii kubana. Mwaka jana mwanangu aliandikiwa dawa ya kuua bakteria kwa siku saba. Siku ya tatu nilimwona mzima, nikamkatiza, na chupa nikaiweka kabatini ije imfae nduguye. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na kila mwaka humtaja Alexander Fleming darasani. Nakiri kwa haya kwamba nimekuwa nikifundisha nusu tu ya maisha yake.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Ayrshire, Uskoti, nchi ya vilima na ubaridi kama yetu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alikuwa karani jijini London kabla ya kuanza kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's mwaka 1901. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwaona askari wakiangamia kwa vidonda vilivyooza. Septemba 1928, akitoka likizoni, alikuta ukungu umeota katika kisahani alichokuzia bakteria, na kandokando yake bakteria wameangamia. Ndiyo asili ya penisilini. Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford waliigeuza kuwa tiba, na mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain wakatunukiwa Nobel.

Nusu niliyoisahau ni hotuba yake ya Desemba mwaka huo. Alionya kwamba dawa haba huwaacha hai bakteria na kuwafunza ustahimilivu. Alitoa mfano wa mume aliyejitibu koo kwa penisilini pungufu, akamwambukiza mkewe bakteria sugu, na mke akafa. Fleming mwenyewe alifariki Machi 11, 1955.

Wanafunzi wengi hudhani ni mwili unaozoea dawa. La, ni bakteria: dhaifu hufa, sugu husalia wakazaana. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani, na takriban kimoja katika kila vitano kilikuwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano. Hapa Kenya, watafiti wa KEMRI wamekuta kwa watoto salmonela isiyosikia dawa kadhaa za kawaida.

Walimu wenzangu, tukisimulia ugunduzi tusimulie na onyo. Dawa itumike kwa kipimo na siku alizoagiza daktari, wala mtoto mmoja asirithi chupa ya mwenziwe. Yangu nimekwisha kuiondoa kabatini.